Dola za Kaka, Hisa Zangu

Jumatatu, 1 Septemba
Zamu ya asubuhi, kiwanda cha samaki. Minofu ya sangara, kontena mbili. Nimekataa trei tatu kwa harufu. Msimamizi kanuna. Anune. Nalipwa kunusa na kutoamini.

Kurudi nyumbani Ilemela nimemkuta kaka Masanja barazani na kilo mbili za sukari. Kaka haji na sukari. Kanywa chai, kauliza habari za kiwandani, kisha kasema, "Kabula, tubadilishane. Chukua dola zangu, nipe hisa zako."

Hivyo tu. Kama mtu anayeomba kubadilishana kiti.

Baba alipofariki, miaka tisa iliyopita, aliacha vitu viwili vya maana. Kaka alipata vipande vya mfuko wa uwekezaji wa fedha za kigeni, vyote vya dola. Mimi nilipata hisa za kiwanda cha saruji. Msibani watu walinihurumia. Walisema kaka kapewa ng'ombe, mimi kamba. Miaka yote hiyo hajauliza habari za kamba. Leo anaitaka.

Nimemjibu nitafikiri. Simwamini.

Jumatano, 3 Septemba
Kapiga simu mara mbili. Dola ni dola, anasema, inajulikana dunia nzima. Mwanamke anayeishi peke yake anahitaji kitu kisichoyumba. Ghafla ananijali. Nilipolazwa mwaka jana alituma salamu kupitia mtu.

Kama dola ni nzuri hivyo, anaitoa kwa nini?

Ijumaa, 5 Septemba
Ruhusa ya nusu siku. Nimekwenda mjini kwa wakala wa hisa. Nimehudumiwa na dada mmoja mwenye miwani, makini, asiye na maneno mengi. Nimemwomba alinganishe hisa zangu na dola za kaka tangu mwezi aliofariki baba, vyote kwa shilingi.

Miaka minne ya mwanzo kaka alikuwa mbele, mbali sana. Bei ya hisa ililala, kisha ikashuka. Shilingi nayo ilikuwa ikipungua nguvu, kwa hiyo yeye alipanda bila kuinua mkono. Mimi sikuuza. Si kwa akili, kwa ukaidi. Na kila gawio la faida lilipokuja nilinunulia hisa nyingine, kwa kuwa lilikuwa dogo mno kufanyia jambo la maana. Kumbe ndilo lililofanya kazi. Bei ilipoamka, ilinikuta nina hisa nyingi. Sasa nimempita kaka, na si kwa kidogo.

"Ungekuja mwaka ule wa nne, ungelia hapa," dada akasema.

Nikauliza, na miaka ijayo je?

"Hilo hakuna anayelijua. Akitokea wa kukwambia anajua, mkimbie."

Basi. Kaka ameshapiga hesabu hii. Kuna mtu kamnong'oneza. Kaja na sukari kunihadaa, mimi dada yake wa tumbo moja. Nina hasira.

Jumapili, 7 Septemba
Baada ya ibada nimempigia wifi, mke wa kaka. Habari za watoto, habari za Kigongo wanakoishi. Nilipogusia hisa akaacha habari za watoto. Kisha, "Wifi, siku hizi kaka yako halali. Muulize mwenyewe."

Asiyelala ana ugonjwa au ana hila. Kaka si mgonjwa.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemwomba kaka stetimenti ya mfuko wake. Kimya. Nimeomba tena. Kimya.

Sasa nawaza jingine. Labda vipande havipo. Kavila vyote, anataka kunibadilishia hewa.

Leo kiwandani nimekataa trei mbili za samaki wazima. Msimamizi kaniita, kanipa kipande ninuse tena mbele ya wenzangu. Kilikuwa kizuri. Nimeona aibu.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimekwenda Kigongo bila taarifa. Nilikuwa sijafika huko tangu daraja lifunguliwe. Hoteli ya kaka iliishi kwa foleni ya kivuko: watu walisubiri kuvuka kwenda Busisi, wakisubiri wanakula. Sasa magari yanapita juu, hayasimami. Meza kumi na mbili, mteja mmoja, na huyo anakunywa soda tu.

Kaka hakushangaa kuniona. Kaingia ndani, katoka na stetimenti. Vipande vipo vyote. Hajagusa hata kimoja, na hoteli inakufa.

Nikamuuliza anataka nini kwangu.

Kavuta kiti. Kisha kasema yote akiangalia meza. Baba hakugawa vile. Siku zile za mwisho alikuwa hawezi kushika kalamu, kaka ndiye aliyeandika, wakiwa wawili tu chumbani. Baba alisema, "Dola mpe Kabula. Hisa zinapanda na kushuka, wewe mwanamume utavumilia." Kaka akaandika kinyume. Baba akaweka dole gumba bila kusoma.

"Tangu biashara ife nasikia sauti yake," kasema. "Nimekula chako, Kabula. Nakurudishia."

Nimetafuta faida yake katika maneno hayo. Nimeyageuza njia nzima ya kurudi. Sijaiona. Hajui bei ya hisa. Anadhani ananirudishia ng'ombe.

Sikumwambia. Niliondoka hata maji sijanywa.

Jumatano, 17 Septemba
Nikikaa kimya, nabaki na kilicho kikubwa, naye anabaki na hatia. Wazo hilo limenifurahisha kwa siku nne. Naliandika ili nisije nikajifanya sikuwaza hivyo.

Aliniibia. Alichoiba kikawa kidogo. Bado aliniibia.

Jumapili, 21 Septemba
Kigongo tena. Wifi alikuwa kanisani. Kaka alikuwa nyuma ya jiko anachambua dagaa kwenye ungo. Nikavuta kigoda, nikachambua naye.

Nikamwambia hatubadilishani. Nikamwambia hisa zimeipita dola, na kwa kiasi gani. Kwamba auze vipande kadhaa, ahamishie hoteli Kisesa kwenye watu, baba hatamdai. Kwamba nimekasirika bado, na huenda nitakasirika muda mrefu.

Alitoa mawe, akatoa makapi. Baadaye sana akauliza, "Baba alijua nitaandika kinyume?"

"Sijui, kaka."

Tukamaliza ungo ule. Akaleta mwingine.