Bakuli la Doto

Mama Neema mpenzi,

Nimekuficha jambo tangu tuoane, na kifua changu hakinipi muda tena, kwa hiyo acha kadi hii iliseme. Sikumsindikiza mjukuu wetu Bariadi ili nibadilishe hewa. Hewa yenyewe ni vumbi tupu!

Leo, kwa ajili ya utafiti wake wa watoto waliopotea, tumefika Dutwa kwa bibi mmoja mcheshi, Shija. Huku jina hilo hupewa anayezaliwa baada ya mapacha. Kaka zake ni Kulwa, aliyekuwa mnadani kuuza ng'ombe, na Doto, aliyechukuliwa utotoni na mfanyabiashara aliyeahidi kumsomesha, kumbe alikwenda kumtumikisha.

"Mama alituachia agizo," alisema Shija. "Kulwa akipewa chakula, cha Doto nacho kiwekwe."

Kisha akanisogezea bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, pamoja na karanga.

"Kula wewe cha Doto, mzee. Kila siku naishia kuwapa kuku."

"Kuku watanichukia."

"Tafuna! Au meno umeyaacha Tanga?"

Nimekula chote. Machozi yaliponitoka, nikasingizia moshi wa jikoni.

Jioni Kulwa akirudi nitawaambia, ila nimetaka wewe ujue kwanza. Meza dawa zako, na yule paka asilalie mto wangu. Nakupenda sana, mwenzangu. Mimi sikuzaliwa Korogwe. Doto ni mimi.