Matundu ya Ukuta wa Ziwani

Nyumba ya kwanza, safu ya ziwani,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Na wajukuu zangu je, yule mdogo meno yameshatoka, au bado anang'ata kila anayembeba? Mimi mwili haujambo, ni goti tu linalonisumbua nikishuka ngazi. Moyo ndio mgonjwa.

Baba yako anakusalimu. Amenishauri nikupigie simu tuyamalize. Nimeshindwa. Kwenye simu ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza, na safari hii sistahili kubembelezwa.

Habari ya ukuta uliotuchorea hapa ziwani unayo. Unajua ulivyovimba tumbo kuelekea ziwani baada ya mvua, na baraza la mwalimu jirani yangu lilivyopasuka katikati. Unajua pia kwamba mwenye mradi amekuondoa kwenye nyumba za safu ya pili, kazi uliyokuwa uje kuifanya na wenzako. Nisichojua ni kama umesikia niliyoyasema mkutanoni.

Tuliitwa wenye nyumba wote, tukakaa kwenye viti vya plastiki barazani kwangu. Mwenye mradi akasema mchoro wa ukuta ulikuwa na kasoro, na aliyeuchora amekubali mwenyewe. Watu wakaanza kuguna. Mwanangu, hakuna aliyeniuliza kitu. Nilisimama mwenyewe, kwa kimbelembele changu unachokijua, nikasema huyu nimemlea mimi, tangu utotoni ni mtu wa kulipua kazi, hata kitanda alikuwa anatandika upande mmoja. Watu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Nilitaka waone siko upande wako, wasije wakanichukia kwa ajili yako.

Wenzako walikuwepo, wamesimama kando: mpima ardhi, fundi chuma, waashi, na msimamizi wao mnayemwita Kamba, maana haanzi kazi bila kuvuta kamba ya kunyooshea ukuta. Hao hawakucheka. Kamba aliniangalia, kisha akaangalia viatu vyake. Nikadhani anakuonea aibu wewe.

Kesho yake wakateremka chini ya ukuta na patasi na nyundo. Nikakaa barazani na chai yangu, nikawa nawaelekeza wasiharibu rangi. Fundi chuma akabandua saruji, akavuta tambara. La njano, lina maua makubwa. Lilikuwa pazia langu la zamani la sebuleni.

Ngoja nikueleze nilivyofanya, usije ukasikia kwa wengine. Ulipoondoka, yale matundu yaliyo chini ya ukuta yalikuwa yanatoa maji ya kutu, yanachora michirizi kwenye rangi nyeupe. Nikadhani ni mashimo mliyosahau kuziba. Kiangazi, ziwa liliposhuka, nikateremka na saruji iliyobaki, nikayajaza matambara, nikasiriba na kupaka rangi. Ya mwalimu nayo nikayaziba, bila kuombwa, nikajiona nimewamalizia kazi. Sasa ndiyo nimeelewa kwamba maji ya mvua yanayozama nyuma ya ukuta yalitakiwa yapite hapo yaende zake ziwani. Yalipokosa njia yakausukuma ukuta. Kuuliza kwanza kungenigharimu nini? Lakini unanijua, mimi siulizi.

Nikashuka hivyo hivyo na goti langu. Kamba akaniambia, "Shangazi, rudi juu, huku kuna vumbi." Nikamwambia vumbi nimelizoea, aniambie tu kama walijua. Akainamia patasi yake. Nikakaa juu ya jiwe, nikasema basi sitoki hapa. Ndipo akanieleza kwamba siku ile ile ukuta ulipovimba alikutumia picha, ukaona matundu hayapo, ukajua ni mkono wa nani. Ukawaomba wayafungue kimya kimya, na waseme kosa ni la mchoro wako, kwa sababu shangazi ana majirani wa kuishi nao na wewe uko mbali. Wakakubali wote, hata yule mwashi asiyejua kunyamaza. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nao waosha walinyamaza, wakati maiti mwenyewe amesimama anahutubia.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Sikufungua dirisha siku nzima, na chakula hakikupita.

Juzi nikawaita tena wenye nyumba wale wale, pamoja na mwenye mradi. Nilimwomba Kamba anisemee. Akasema, "Hili utalisema mwenyewe, Shangazi. Sisi tutasimama nyuma yako." Wakasimama kweli, na matope yao miguuni. Nikasema yote, hata habari ya kitanda, kwamba ulikuwa unakitandika vizuri kuliko mimi. Mwalimu hajaniitikia salamu tangu siku hiyo, na ana haki yake.

Mwenye mradi alisema atafikiria. Kamba akamwambia afikirie upesi, maana wao safu ya pili hawaianzi na mtu mwingine. Mpima ardhi akaanza kufungasha vifaa vyake mbele ya macho ya watu. Mwenye mradi ameahidi kukupigia wiki hii. Akikupigia, usimwombe radhi kwa lolote. Kile kipande cha ukuta kitabomolewa na kujengwa upya, na wenzako wanataka uwepo.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza chako. Ulikuwa unanikinga na maneno ya watu, kumbe maneno yenyewe nilikuwa nayasema mimi.

Nisalimie sana mkeo, nisalimie mkweo na wale watoto. Ukiamua kutonijibu nitaelewa, ila watoto wasiambiwe kwa nini.

Mungu akukinge na kila baya, hata likitoka kwangu.

Ni mimi nikupendaye, ingawa siku ile sikuonyesha,

Shangazi yako.