Chupa ya Motard

Jumapili, tarehe 7 Juni

Tena samaki baridi asubuhi. Wazee wa Ulaya wanapanga foleni mbele yake kama wanaenda kukomunika kanisani. Nimekula mkate.

Masika, dada yangu, anataka nitabasamu. Ameogesha wazee wa nchi hii ya Norwe miaka mingi, akanilipia safari ya meli hii ya watalii ili nipumzike. Kupumzika! Nimeishi kwa kugombana: redioni Butembo, kwetu Kongo, gazetini, hata mbele ya padri. Humu hakuna wa kugombana naye. Wote wanakubali kila kitu.

Nawaza Mavivi. Mdogo wangu Kambale ana shamba la kakao huko, nje ya Beni, na wauaji wamerudi porini upande ule. Nilimwambia aache mavuno yaoze. Akajibu, akiniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake: "Yaya, weye unakulaka maneno. Miye na batoto tunakulaka kakao." Simkasirikii. Uongo. Namkasirikia sana.

Aliyenipeleka uwanja wa ndege ni mpangaji wa Kambale, dereva wa pikipiki. Mimi humwita Motard tu, kwa Kifaransa cha kazi yake. Alipiga kelele nikiingia: "Mukubwa, uniletee maji ya kule! Nikinywa, pengine visa itanifuata."

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Bandari ndogo. Bahari imejipenyeza kati ya milima kama mto usiokwenda popote. Basi, makoti ya mvua ya rangi moja, kisha maporomoko ya maji.

Ni marefu. Ni mazuri. Nakiri. Kisha muongozaji akaeleza kwamba maji mengi huingizwa katika bomba kutengeneza umeme, na wakati wa watalii huachiwa zaidi ili yapendeze. Maporomoko yenye saa za kazi! Nikacheka kwa uchungu. Kwetu mito inaanguka usiku na mchana, na Butembo yote inanguruma kwa jenereta.

Mzee Mfaransa mwenye kofia akaniuliza kama kwetu pia kuna maporomoko. "Yapo," nikasema. "Ila hatuyaachii watalii. Tunaogopa yatawaua kabla sisi hatujawaua." Akaondoka. Nilifurahi. Nikajaza chupa ya Motard, vidole vikafa ganzi.

Nikasikia mlio wa simu. Masika amekaa juu ya mawe yaliyolowa maji, simu mapajani. Ujumbe wa sauti wa shangazi, kutoka Butembo: "Kambale ya Mavivi bamemuua mu shamba. Muombe."

Shangazi hapokei tena. Simu ya Kambale imezimwa. Muongozaji akatuhesabu, akatupandisha basi. Meli haimngoji mtu.

Baadaye

Baharini hakuna mtandao. Jua haliendi kulala, hata giza la kujificha hakuna. Masika amejifunika kitambaa kichwani, amekaa sakafuni kama watu wa kilio. Juu yetu watu wanacheza muziki.

Nimemtukana Mungu. Nimeitukana serikali, jeshi, bei ya kakao. Katikati ya matusi, makala ikaanza kujiandika kichwani: kichwa cha habari, sentensi ya kwanza, mahali pa kupiga. Nzuri. Mdogo wangu hajazikwa, na mimi nachagua vitenzi. Nimejichukia.

Jumanne, tarehe 9 Juni

Mtandao. Nimepiga kabla kamba za meli hazijafungwa bandarini.

Kambale mwenyewe akapokea. "Yaya, munalilia nani? Miye niko."

Nimepiga kelele. Nimemkumbatia mfagiaji. Masika kaanguka magoti, kacheka, kalia. Nimesema asante, asante, asante kwa Mungu niliyemtukana jana.

Kisha nikauliza: basi nani?

Akajibu: "Ule wa moto, ule mpangaji wa pikipiki. Malaria ilinilaza, njo akaenda kunichukulia mifuko."

Motard. Mwana wa pili wa kiume nyumbani kwao. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa nafasi aliyozaliwa, na mwana wa pili ni Kambale, nyumba hii na ile. Mavivi imejaa akina Kambale. Shangazi alisema kweli tupu. Mimi ndiye nilikuwa na Kambale mmoja tu kichwani.

Nimekwisha kusema asante. Hairudi.

Jumatano, tarehe 10 Juni

Masika anasema tufurahi, aliyekufa si wa kwetu. Nimemfokea mezani, watu wakageuka. Hatimaye ugomvi melini. Haukunisaidia.

Makala ile ingemfaa Motard pia. Jina ni lilelile, nisingebadilisha neno. Ndiyo maana siandiki.

Jumapili, tarehe 21 Juni

Mavivi. Kambale amekuja kunipokea kwa miguu, amekonda. Leo wanamaliza kilio cha mwenzake, Motard. Tumeenda moja kwa moja na sanduku langu.

Pikipiki imeegemea ukuta. Wanaume kwenye mabenchi walinigeukia, wakingoja hotuba. Wananijua. Sikutoa.

Mama yake Motard alikuwa jikoni na wanawake, anachochea moto. Nikampa chupa. Nikamwambia Kambale wake aliniagiza maji ya kule. Mara ya kwanza kulitaja jina lake.

Akafungua. Akanusa. "Bamechemusha?"

"Hapana, mama. Ni safi. Yanatoka mulimani."

Akaitazama chupa kidogo. Akayamimina yote katika sufuria ya maharage ya wageni, akafunika.

Tulikula maharage hayo pale uani, mimi na mdogo wangu, sahani moja. Yalikuwa na chumvi ya kutosha.