Gari la Mikate la Kwenda Ziwani

Jumatatu, 4 Agosti

Saa mbili asubuhi. Grenda ya kukatia vyuma imeanza kwenye karakana ya jirani. Naima yuko chini ya kitanda, vidole masikioni, anatoa ile sauti yake ya mmm, mmm, mmm. Nimemwekea pamba. Kaitoa. Nimemwekea tena. Kaitoa. Chai imepoa.

Ana miaka tisa. Daktari aliita usonji. Alisema si kitu cha kupona, ni cha kuishi nacho, mtafutieni mtoto utulivu. Utulivu, Manzese hii. Nyuma grenda, mbele honi za mabasi ya mwendokasi, kushoto baa, kulia fundi spika anayejaribu spika zake kutwa nzima. Kelele kwake si kelele, ni maumivu. Anajigonga kichwa ukutani mpaka rangi imetoka pale.

Kazi ya duka la dawa niliiacha mwaka juzi. Nimechoka. Nikiandika hivyo naona neno dogo.

Mchana Selemani karudi mbio, hata mikono hajanawa. Mume wangu ni fundi bodi za magari, hana kawaida ya kurudi mchana. Gereji kwao kuna Hiace kuukuu ya kusambazia mikate, kiwanda kilifungwa, bosi kamruhusu aitumie. Anataka kuifanya gari la kulala. Kuna dereva wa watalii kamwambia habari za ziwa dogo katikati ya msitu, huko Rungwe, mbele ya Tukuyu. Kuna uwanja wa kupiga kambi. Hakuna umeme, hakuna baa, barabara inaishia hapo hapo.

Gesti hatuwezi. Mwaka jana tulijaribu Morogoro, Naima akalia mpaka mwenye gesti akaja kutuomba tuondoke. Chumba kigeni hakiwezi. Lakini chumba kikiwa chake, na kikatembea naye?

Sijawahi kuona Selemani anaongea haraka hivyo. Nikakubali. Ningekubali chochote.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia msimamizi wa kambi. Bwana Ambilikile. Anapiga kelele kana kwamba hana simu, anaita mtu ng'ambo ya mto. Kuna choo cha shimo, kuna banda la kupikia, maji ni ya ziwa. "Mama, mje na makoti! Siyo hayo ya Dar! Makoti!"

Watalii wa mwisho wanaondoka tarehe ishirini. Baada ya hapo hakuna mtu. Tumepanga kuondoka Jumatatu ya tarehe 25. Tutakaa wiki mbili.

Jioni nilimpeleka Naima gereji mafundi walipofunga. Selemani keshatoboa dirisha, sasa anabandika sponji na mazulia ukutani kuzuia sauti. Naima alisimama mlangoni, akanusa. Gari bado linanukia mkate. Akaingia mwenyewe. Hajavutwa, hajabembelezwa. Akakaa kwenye kona.

Selemani akanitazama. Tusifurahi mapema, nikamwambia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Sikukuu. Spika tangu asubuhi.

Naima kaning'ata mkono. Nikampiga. Si mara ya kwanza. Ni mara ya kwanza nimeshindwa kuacha.

Majirani waligonga mlango. Mama mwenye nyumba akaingia bila kuvua viatu, akasema, "Mama Naima, mie ninawaonea huruma, lakini wapangaji wangu wanahama. Mwisho wa mwezi mnipe chumba changu."  Shavu la Naima lilikuwa na alama za vidole vyangu.

Nilitamani asiwepo. Siyo afe. Asiwepo tu. Nimekaa nalo siku nzima neno hilo na sioni tofauti iko wapi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamua.

Nitawafikisha ziwani. Nitakaa nao siku tatu, mpaka mtoto azoee. Siku ya nne nitasema nashuka Tukuyu kununua mboga. Nitapanda gari mpaka Makambako, halafu basi la Songea, kwa dada Mwajuma. Sitarudi. Selemani ni baba mzuri. Pale hakuna kelele, atamudu.

Nimeandika mara moja, sitaandika tena.

Leo nimepika pilau. Selemani kasema naonekana nimepata nguvu.

Jumanne, 12 Agosti

Kufungasha. Jiko la gesi dogo, sufuria mbili, ndoo, tochi, dawa ya mbu, mchele, unga, maharage. Mablanketi mazito kutoka mitumbani. Nilichukua matatu. Nikarudisha moja.

Nimeanza daftari la maelekezo kwa ajili ya Selemani. Nilidhani itakuwa nusu ukurasa. Ugali usiguse mboga. Kikombe cha bluu, siyo kingine cha bluu, kile chenye mkwaruzo. Ukimvalisha anza mguu wa kushoto. Usimwambie "twende" mara mbili, ya pili anaona unamgombeza. Akianza mmm usimshike, kaa chini karibu naye, utazame pembeni. Akicheka peke yake muache acheke.

Nimefika ukurasa wa kumi na moja. Mambo yote haya yako kichwani kwa mtu mmoja. Nimefunga daftari nikalia, kisha nikafungua nikaendelea.

Alhamisi, 14 Agosti

Gari linatembea. Tumelipeleka Kibamba, pembeni ya jiji, kwa shangazi yake Selemani. Nyumba yake haijaisha, lakini kiwanja kikubwa na majirani wako mbali. Tunataka Naima azoee kulala humo mchana kabla ya safari.

Saa nzima kazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Analala, anaamka, analala, anaamka. Mwisho kanivuta kanga. Nikalala kwa kukatiza juu ya miguu yake, uzito wangu wote. Akashusha pumzi. Akalala.

Kalala kwa saa mbili na nusu. Mchana kweupe. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Mguu wangu ulikufa ganzi, sikuthubutu kuusogeza. Selemani alichungulia dirishani, machozi yanamtoka, ananionyesha dole gumba kama mtoto.

Mie nilikuwa nafikiria basi la Songea. Nikamwangalia, nikafumba macho.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumemjaribu Selemani badala yangu. Nilisema mgongo unaniuma.

Naima kampiga teke la kifua. Nikamwambia Selemani akaoge kwa sabuni ya mtoto, labda ni harufu ya rangi. Akaoga. Nikampa kanga yangu ajifunge. Akajifunga, shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Naima hakudanganyika. Alilia mpaka akatapika, anapiga bodi ya gari kwa kisogo.

Nikaingia. Akalala dakika ile ile.

Bila mie halali. Nimepanga kila kitu isipokuwa hilo.

Jumamosi, 16 Agosti

Bwana Ambilikile kapiga simu. Tarehe 24 wanakuja vijana, kongamano, wiki mbili. Wana jenereta na spika. "Watoto wazuri, Mama! Wanaimba sana!"

Nilikaa na simu mkononi. Ziwa katikati ya msitu, mwisho wa barabara, na spika zinatufuata huko huko.

Nikamwambia Selemani: tukiondoka kesho kutwa tunapata siku tatu, nne. Akasema breki bado, mlango wa nyuma haufungi vizuri. Nikampigia kelele. Nilimwambia maneno mabaya, kwamba kila kitu chake ni bado, bado, tangu nimemjua.  Kaenda gereji na hakurudi mpaka breki zilipokamilika.

Siku tatu zinanitosha. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, nikaona aibu, nikaendelea kufikiri hivyo hivyo.

Jumapili, 17 Agosti

Tuko Kibamba. Tulikuwa tunapakia, safari kesho alfajiri. Naima yuko ndani na shangazi, anapanga vizibo vya soda.

Nikasikia Selemani kanyamaza. Nikageuka. Kashika mablanketi.

"Mbona mawili?"

Nikasema la tatu limelowa.

Akafungua boksi la vyombo. Sahani mbili. Vijiko viwili. Akalichukua daftari, akasoma amesimama pale pale, kurasa zote. Anasomaga taratibu, midomo inacheza. Ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeandika: Akiniulizia, mwambie mama yuko sokoni.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Songea."

"Moja kwa moja?"

"Sijui. Ndiyo."

Akakaa kwenye ngazi ya gari. Hajawahi kunipiga, lakini nilisubiri anipige. Ningeona afadhali.

"Mie nilishafika Chalinze," akasema.

Sikumwelewa.

"Mwaka juzi. Siku ile nilikwambia nimefuata mlango wa gari Mlandizi. Nilipanda basi la Dodoma. Chalinze nikashuka, nikakaa stendi mpaka jioni. Nikanunua mishikaki nikarudi."

Naikumbuka siku hiyo. Nilikula ile mishikaki. Nilimsifu.

 Karudisha mizigo yote chini, mmoja mmoja.

Jumatatu, 18 Agosti

Hatujaondoka.

Saa nne asubuhi Selemani kamchukua Naima, kaingia naye kwenye gari, kafunga mlango. Kaniambia kupitia dirishani, "Usiingie. Hata iweje. Nakuomba."

Nilikaa kwenye tofali. Naima alilia. Aliniita. Kwa kawaida hata maneno ishirini hafikishi, na "mama" alilisema mara nyingi kuliko mwaka mzima. Gari lilitikisika. Saa tano. Saa sita. Shangazi kanishika bega, nimemtoa mkono. Mara mbili nilishika kitasa. Mara mbili niliachia. Nimeuma kanga mpaka imetoboka.

Saa saba kasoro, kimya.

Kimya kile kilinitisha kuliko kilio. Nikafungua. Naima kalala sakafuni, siyo kwenye godoro. Selemani kalala juu ya miguu yake, vibaya, kichwa kimeegemea ndoo. Uso umechubuliwa, mdomo unatoka damu. Macho wazi.

Akanong'ona, "Sasa unaweza kwenda. Ukitaka."

Nilifunga mlango polepole. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa chini.

Jumanne, 19 Agosti

Tumepita Mikumi. Kwenye geti la mizani askari kaona picha ya mkate ubavuni mwa gari, kauliza tumebeba mikate ya wapi. Selemani, na uso wake ule, akasema tumebeba mtoto, yuko kwenye mapumziko. Askari kachungulia, kaona Naima na sponji zake, katuruhusu bila neno.

Mablanketi ni matatu. Hatujazungumza kuhusu hilo.

Njiani Naima alijigonga kichwa mara tatu. Nimeandika kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 21 Agosti

Tumefika saa nane mchana. Ukungu. Bwana Ambilikile ni mfupi kuliko sauti yake. Makoti yetu kayacheka.

Msitu una kelele! Hakuna aliyeniambia. Vyura, ndege wakubwa wanaopiga mabawa kama mtu anakung'uta turubali. Naima aliziba masikio, akaingia chini ya gari, mmm, mmm. Nilikaa chini, nikatazama pembeni. Nilichukia ziwa, nilimchukia dereva wa watalii, nilijichukia. Kilomita zote hizi.

Selemani akaja akakaa upande wa pili wa gari, naye akatazama pembeni. Kasoma daftari vizuri.

Baada ya kama saa moja hivi Naima akatoka. Hakwenda majini. Alikwenda kwenye mti, akauwekea mgongo, akabaki hapo.

Ijumaa, 22 Agosti

Tumezungumza, mara ya kwanza. Tulikuwa tunachambua mchele.

Manzese haturudi. Shangazi kakubali gari liegeshwe kiwanjani kwake mpaka tuone. Selemani atakwenda gereji kutokea Kibamba. Kila mwezi mie nitakwenda Songea siku nne, na yeye atakuwa na siku zake nne, popote, hata Chalinze. Alisema hilo la Chalinze bila kutabasamu, halafu akatabasamu.

Nikamuuliza, je, nikienda nisirudi?

Akachambua mchele. "Utakuwa hujarudi," akasema. "Nitakuwa na daftari."

Jumamosi, 23 Agosti

Kesho tunaondoka kabla vijana hawajafika.

Asubuhi Naima kalala, Selemani kalala karibu naye, mkono mmoja juu ya miguu ya mtoto. Jana usiku Naima aliamka mara mbili tu.

Nimeosha vyombo. Nimevaa koti nikashuka ziwani peke yangu. Kuna jiwe bapa. Nimekaa hapo. Maji yalikuwa ya kijivu, ukungu unapanda taratibu, ng'ambo sioni.

Sikufikiria chochote cha maana. Nilifikiria kwamba nywele zinataka kusukwa.

Nimekaa muda mrefu. Hakuna aliyeniita. Jua lilipofika kwenye miti nikainuka, nikapanda juu kuwasha jiko.