Gari Lichajiwe Kwetu

Baba watoto,

Chakula kipo kwenye sufuria, kipashe. Mtoto asilale na sare ya shule.

Friji nimeichomoa, usiirudishe. Fundi umeme ameikagua soketi yake mchana, anasema itachaji gari, ila polepole, mpaka asubuhi. Waya upitishe dirishani.

Gari la mafuta ulikuwa unajaza na kurudi. Hili la umeme unalipeleka kwa jirani wa saluni, na mpaka lishibe, nawe umeshashiba chai na soga. Unawaambia watu ni gari zuri kwa mtu wa kawaida, halina kelele. Kweli halina, ndiyo maana sijui unarudi saa ngapi.

Leo asubuhi nilipokuja saluni kukuita, nilikusikia unacheka tangu barabarani. Hapa nyumbani unacheka na simu tu. Nikashika kikombe ninywe na mimi, msusi akaniambia, "Wifi, chukua kingine, hicho ni cha kaka." Nilikuangalia useme neno. Ukakipokea, ukapuliza chai yako.

~~Leo nalala kwa dada.~~ Nimekwenda kwa dada, nitarudi kabla hamjalala.

Kiti nimekuwekea dirishani, ukitaka kulisubiri gari lisubirie hapo. Na kile kikombe nimekwenda kukiomba saluni, akanipa huku anacheka. Nimekiosha mara mbili. Ndicho hiki kilichokandamiza karatasi. Chai iko kwenye chupa.

Mama watoto