Bastola Niliyoikata Pichani

Baba Aline,

Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, mtoto amelala. Nimepata nafasi ya kukuandikia na sitaki kuanza na machozi. Nitaanza na hasira, maana ndiyo iliyo juu.

Wamekuweka kwenye bango la uchaguzi.

Juu ya nguzo ya robot, zile taa za barabarani, pale tunapovuka tukimpeleka Aline shule. Yeye ndiye aliyekuona kwanza. Alisimama katikati ya barabara, magari yanapiga honi, akanyoosha kidole, akaita kwa Kiingereza chake: Mama, papa yuko pale juu! Nikamvuta mkono, nikasema tutachelewa. Nilipofika ng'ambo ndipo nilipogeuka kutazama.

Ni ile picha ya sare ya kazi, uliyocheka mpaka lile jino la pembeni likaonekana. Chini yake wameandika kwa Kiingereza, herufi kubwa: angekuwa na bunduki, leo angekuwa nyumbani.

Angekuwa na bunduki! Baba Aline, si ulikuwa nayo? Ulikuwa nayo kiunoni siku ile. Waliokupiga risasi mlangoni mwa duka la matairi pale Doornfontein hawakugusa pesa, hawakubeba hata tairi moja. Walichukua bastola wakaenda zao. Na ulikuwa umeshasema, wiki ileile kampuni ilipokupa: "Mama Aline, zamani nilikuwa nalinda duka. Sasa mimi mwenyewe ndiyo duka." Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Na unajua mgombea mwenyewe ni nani? Ni yule bwana wako wa miwani. Uchaguzi uliopita ulilinda mlango wa mkutano wake, ukarudi na furaha kama umetoka harusini: "Huyu anajua maisha ya mlinzi. Amesema mtu asipewe bunduki kwa ajili ya kulinda matairi." Basi chama cha wenye bunduki kimempa magari ya kampeni, kimempa vipaza sauti, kimechoma nyama kwenye mikutano yake, na bwana amebadili wimbo. Anataka kiti kwenye bunge la jimbo, na anasema bila bunduki mlinzi ni marehemu anayetembea. Nilidhani ni yeye peke yake. Gogo, yule bibi wa nyumba ya chini, ambaye yeye ana kura, alikwenda kuwasikiliza wagombea wote kwenye ukumbi wa Observatory. Alirudi anasonya. Aliwauliza habari ya bunduki. Mmoja akatazama simu yake, mwingine akaanza kueleza mashimo ya barabarani. "Badlile bonke," akaniambia. Wote wamekula.

Sasa nikuambie picha waliipata wapi, maana hapo kuna kosa langu.

Kwenye matanga yako tulivaa fulana zenye sura yako, kama tunavyofanya kwetu. Mimi ndiye niliyempelekea picha mchapaji wa Marshalltown. Nilichagua ile kwa sababu ndiyo pekee uliyocheka. Nikamwambia aikate kifuani, ile bastola ya kiunoni isionekane. Nilitaka watu wakulilie wewe, wasitazame kile kitu. Akaikata vizuri sana. Na kumbe huyohuyo ndiye anayewachapia mabango. Walimwomba picha ya mlinzi aliyeuawa, akafungua kompyuta yake. Nilipomfuata alijikuna shingo: "Eish, sister, mimi nimeona hana bunduki."

Hana bunduki. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikunyang'anya, na wao wakaja kusema hukupewa.

Jioni ile Aline aliniuliza, kwa Kiingereza chake: kwa nini hawakumpa papa bunduki? Unajua nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa nimesema wezi walikuja, basi. Nikajifanya naangalia sufuria.

Kesho yake nikambeba mtoto mgongoni, ndiyo, mwanao, ana meno mawili na anang'ata kama ana kesi na mimi, nikaenda kwenye ofisi ya kampeni. Dada mmoja wa bangili nyingi alinipa chai. Alinishika mkono, akasema wanamuenzi mume wangu, akasema Jumamosi nipande jukwaani nisimame karibu na bwana wa miwani. Nikamwambia, dada yangu, mume wangu alikuwa na bastola, ndiyo waliyoifuata. Akatabasamu: "Usijali, maneno tutayarekebisha." Akachukua kalamu aandike jina lako kwenye ratiba. Nikampa jina lako lote, nikampa na Uvira ulikozaliwa.

Kalamu ikasimama. "Siyo mtu wa hapa?"

Chai haikuongezwa tena. Siku mbili baadaye hukuwepo kwenye nguzo hata moja. Pale ulipokuwa wamebandika picha ya bastola peke yake, na maneno yale hawakuyagusa hata herufi.

Nilitaka wakushushe, wamekushusha, na sijawahi kukasirika hivi. Uongo wao haukuwasumbua. Kilichowasumbua ni Uvira. Mimi naishi hapa, nazaa hapa, nimezika hapa, na siku ya kura nitakaa nyumbani na karatasi yangu ya ukimbizi.

Jana nilimkalisha Aline sakafuni katikati ya magoti yangu, nikaanza kumsuka. Nikamwambia yote, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, bila kumwona uso. Kwamba papa alikuwa nayo. Kwamba hakuitaka. Kwamba mimi niliikata pichani. Nikamaliza mistari mitatu ya nywele. Halafu akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili chetu anakikimbia: "Kwa hiyo ile bunduki ndiyo iliwaita?"

Ndiyo, mwanangu. Ndiyo iliwaita.

Na hapo, mkono ukiwa bado kwenye nywele, nikaona kitu. Baba Aline, jukwaa lao silitaka. Lakini kila siku wanawake wa hapa, wenye kura zao, wanakuja wenyewe na kukaa mbele yangu niwasuke. Msuko mwembamba unachukua masaa matano, sita. Mtu aliyesukwa nusu kichwa ataenda wapi? Hata kama Kiingereza changu kinachechemea, kina muda wa kufika.

Mdogo wako anasema niache, nitafukuza wateja. Atakayekimbia na akimbie, na nusu yake.

Mlangoni pale pa duka la matairi sasa amesimama mlinzi mwingine, kijana wa Limpopo, amepewa bastola kama yako. Nampitia kila asubuhi, ananisalimia "sharp, mama", na siwezi kumtazama kiunoni.

Lala, mume wangu. Watoto ninao mimi. Nakuahidi hakuna kichwa kitakachoinuka kwenye kiti changu bila kujua jina lako lote, ulikotoka, na kile walichokuja kuchukua.

Ni mimi, Mama Aline wako.