Makofi ya Umuganda

Nyundo, Rubavu, Rwanda
26 Oktoba 2025

Mjomba Sebahire,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: jana nilipoondolewa kwenye Kamati ya Afya mbele ya shule nzima, nilifurahi.

Sasa naweza kukuuliza hali. Mguu unaendeleaje? Watoto hawajambo huko Mwanza? Mimi mzima, ila baridi. Unajua hapa bwenini haturuhusiwi simu. Mama akija leo ataipiga picha barua hii na kukutumia.

Ilikuwa hivi. Kamati yetu ilifunga kantini ya mandazi kwa sababu mafuta yalikuwa yamekaangiwa mpaka yakawa meusi. Kantini ni ya serikali ya wanafunzi. Faida yake huwanunulia wachezaji jezi. Jana, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, tukiwa bado na majembe mkononi, rais wa serikali hiyo, Gisubizo, akapanda juu ya ngazi. Yeye alikulia Goma, anaongea Kiswahili cha Kongo, na anapenda kuchekesha.

"Mi banafunzi bote balinichagua," akasema. "We Gwiza, nani alikuchagua? Balimu! Bon, mwenye anataka kantini ifunguliwe na Gwiza apumzike, apige makofi!"

Walipiga. Hapa mambo ya mkutano wa umuganda hupitishwa kwa makofi: barabara ipi ifagiliwe, nani alete mchanga. Basi nami nikapitishwa kama mchanga.

Nilifurahi kwa sababu nisingelazimika tena kusimama na kumwambia mtu "hapana". Lakini leo asubuhi nimepita kantini. Mafuta ni yale yale, na watoto wa kidato cha kwanza wamepanga foleni. Furaha imeisha.

Katiba ya wanafunzi, ibara ya nane, inasema wajumbe wa Kamati huteuliwa na walimu, hukaa mwaka mzima, na hawaondolewi ila kwa kosa lililothibitishwa. Gisubizo anasema ibara hiyo ni batili, kwa kuwa ibara ya kwanza inasema mamlaka yote hutoka kwenye kura. Wewe ni mwanasheria wa mamlaka ya udhibiti. Nani ana haki?

Mpwa wako,
Gwiza

*

Mwanza
2 Novemba 2025

Mpwa wangu Gwiza,

Marahaba. Mguu unatembea, watoto wanakula kama nzige, namshukuru Mungu.

Usimdharau Gisubizo. Swali lake linaulizwa katika mahakama za nchi kubwa, na mawakili wenye mvi. Mimi mwenyewe nimeulizwa kazini: ninyi wasimamizi, ambao hakuna aliyewapigia kura, mnapata wapi ujasiri wa kumkatalia kiongozi aliyechaguliwa na watu?

Jibu la upande wako ni hili. Watu hao hao, kupitia katiba yao, waliamua mapema kwamba anayeuza mandazi asiwe ndiye anayempangia kazi mkaguzi wa mafuta. Waliamua hivyo wakiwa hawana njaa.

Lakini ukienda kudai haki yako, watakuuliza: "Gwiza akikosea, nani atamwajibisha?" Jibu lako lisiwe "mimi ni mwema". Wote husema hivyo. Litafute jibu kabla hujaingia.

Mjomba wako,
Sebahire

*

Nyundo
9 Novemba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mguu unatembea.

Nimepeleka shauri kwenye Baraza la Usuluhishi, ambako wanafunzi wenzetu huamua ugomvi wa katiba. Litasikilizwa Ijumaa. Kenny, mwenzangu kwenye Kamati, amejiuzulu. Anasema hataki kuitwa adui wa jezi.

Jana Gisubizo alinifuata kwenye maktaba. Alikuwa mpole kabisa.

"Gwiza, achana na hii mambo. Nitakupatia hii maktaba. Ufunguo wako, vitabu vyako, makelele hakuna. Donc, tumeelewana?"

Mjomba, hakuna kitu ninachokitaka hapa shuleni kama ufunguo ule. Niliutazama mkononi mwake. Nikamuuliza, "Na nikikuta panya maktabani, nikasema, utanipa ufunguo wa wapi?"

Akacheka. "We mutoto iko mugumu!"

Bado sijapata jibu la swali lako. Nijibu upesi ukiweza.

Mpwa wako,
Gwiza

*

Nyundo
24 Novemba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama amenieleza kwamba ulilazwa kwa ajili ya mguu, ndiyo maana hukuandika. Pole sana. Pumzika, usinijibu mpaka utoke. Nimeona nikueleze yaliyotokea.

Kesi ilisikilizwa ukumbini, wanafunzi wamejaa mpaka madirishani. Gisubizo alisema vizuri, watu wakashangilia. Mimi nilisoma ibara ya nane. Nikasema makofi yale yalikuwa ya watu waliochoka na wenye njaa, na hakuna aliyeniambia kosa langu. Mtu akapiga kelele, "Kosa lako ni njaa yetu!" Hata waamuzi walicheka.

Kisha Keza, mwamuzi mkuu, akaniuliza lile lile uliloniambia: "Ukikosea wewe, nani atakuuliza?"

Jibu nililijua, ila sikulitaka.

"Ninyi," nikasema. "Kila mwezi tusimame mstarini mbele ya shule nzima, tueleze tulichofunga na sababu yake. Mtuulize chochote. Mkithibitisha kosa, mtuondoe. Ila lithibitishwe kwanza."

Waamuzi wakaamua hivyo hivyo. Ibara ya nane inabaki, narudi kwenye Kamati, na pendekezo langu limeandikwa kwenye katiba. Gisubizo alinipa mkono. "Bon, tutaonana mustarini," akasema, na hakuwa anatania.

Leo, Jumatatu, ilikuwa mara yetu ya kwanza kueleza. Niliamka, nikapiga pasi sare. Mstarini nilipanda ngazi. Nikasema kantini imefungwa tena hadi mafuta yabadilishwe, na nikaeleza tulivyoyapima. Gisubizo akapaza sauti kutoka nyuma, "Hatusikie!" Nikaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi. Wakauliza maswali, na mengine yalikuwa makali. Moja sikujua jibu lake, nikasema sijui, nitalitafuta. Nikashuka, nikaenda kwenye kipindi cha hesabu.

Mpwa wako,
Gwiza